Kayaki nzito ya uvuvi kwenye kigari: dalili na sababu zake kwenye barabara za Goma

Ufa wa kwanza kwenye kayaki yangu niliuona nyumbani Himbi, mtaa wa Goma, siku moja baada ya kutoka kuvua Ziwa Kivu. Nilikuwa nimeiinamisha ili maji yatoke tumboni, na yalitoka karibu nusu ndoo, ilhali ziwa siku ile lilikuwa limetulia kabisa. Nikapapasa ndani ya kitundu kimoja cha kutolea maji, kile kinachopita kutoka sakafuni hadi chini karibu na kiti, na kidole kikagusa ukingo mkali. Nilipomulika kwa tochi, ufa ulikuwa umezunguka robo nzima ya kitundu. Ziwani sikuwa nimegonga jiwe lolote. Ufa ule uliletwa na kigari nilichokuwa nikitumia kuifikisha kayaki majini, kile chenye nguzo mbili zinazoingia kwenye vitundu kutokea chini.

Tangu hapo nimetengeneza vigari vitatu na nimewasaidia majirani kadhaa wanaovua kwa mitumbwi hii ya plastiki. Matatizo ni yaleyale, yanahama tu kutoka kayaki moja hadi nyingine. Nimeyapanga kwa kufuata dalili, maana mtu aliyesimama barabarani na mzigo wa kilo 45 anataka kujua kwa nini mkono unamuuma, au kwa nini kigari kinamvuta mtaroni.

Kumbuka kwanza barabara yenyewe. Vigari vingi vinavyouzwa kwa ajili ya kayaki vimekusudiwa mchanga wa ufukweni au njia ya saruji. Sisi tukiacha tu lami ya barabara ya Sake tunaingia kwenye mawe ya volkano ya Nyiragongo. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na mawe ya volkano ndiyo tunayojengea kuta na kufukia mashimo ya barabara. Jiwe hilo lina vitundu na kingo kali. Linakula mpira na plastiki kama tupa inavyokula chuma.

Pua ni nzito, mkono na kiuno vinauma

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na karibu kila mara sababu yake ni mahali ulipoweka kigari. Mtu anakiweka nyuma kabisa, chini ya mkia, kwa sababu ni rahisi kukisukumia hapo. Matokeo yake kayaki inabebwa nusu na magurudumu, nusu na wewe.

Tafuta sehemu ya mizani kabla ya kutoka nyumbani. Laza gogo la mviringo au kipande cha bomba chini, weka kayaki juu yake ikiwa na kiti, nanga na kila kitu unachosafiri nacho, kisha isogeze mbele na nyuma mpaka isimame bila kuegemea upande wowote. Piga alama ubavuni kwa utepe wa rangi. Halafu ekseli ya kigari iweke sentimita 20 hivi nyuma ya alama hiyo, kuelekea mkia.

Hesabu yake ni hii. Kayaki ya mita 3.6 yenye kilo 45, mizani yake ikiwa karibu na katikati, ekseli ikiwa sentimita 20 nyuma ya mizani, mkono wako puani unabeba takriban kilo 5. Ekseli ikirudi nyuma hadi sentimita 60, mkono unabeba zaidi ya kilo 11. Kilo 5 unaweza kwenda nazo kutoka Keshero hadi ziwani ukizungumza na mwenzako. Kilo 11 zitakusimamisha kila baada ya hatua mia, na kila ukisimama unaitua pua juu ya mawe.

Somo hili sikulipata kwenye kitabu. Kijana mmoja wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, akiwa amepakia magunia ya makala (mkaa) yanayompita kimo, alinikuta nimesimama nikihema. Akatazama kigari changu, akasema, "Papa, mzigo wako unakulalia. Vuta gari mbele kidogo." Nikasogeza. Watu wa chukudu wanabeba mamia ya kilo kwa mbao mbili na magurudumu mawili, na wanajua kuliko mtu yeyote mjini uzito unapaswa kukaa wapi. Ukipata nafasi, waulize.

Usikilete mbele kupita kiasi, lakini. Ekseli ikifika mbele ya alama, mkia unashuka wenyewe na utakuwa unakandamiza pua njia nzima.

Mkia umeota manyoya meupe, plastiki imekuwa nyembamba

Pitisha kiganja chini ya mkia. Ukihisi vinyuzi laini kama vya kitambaa kilichochakaa, plastiki inasagwa. Sababu ziko mbili, na watu wengi wanaiona moja tu.

Ya kwanza ni mkia kugusa chini wakati wa kupanda. Kwenye tambarare kila kitu kiko sawa, ila tukitoka ziwani kurudi nyumbani tunapanda, na kwenye mpando uzito unahamia nyuma. Pua inakuwa nyepesi, unafurahi, kumbe mkia unaburuzwa. Nanga na samaki ulioweka nyuma ya kiti wanaongeza shida. Wahamishie mbele ya kiti kabla ya kupanda, au bora zaidi wabebe mgongoni.

Ya pili ni zile hatua tano au sita kabla kayaki haijapanda kigari. Unainua pua, unavuta, mkia unakwaruza kwenye lava. Ukifanya hivyo kila wiki kwa mwaka mzima, umeondoa plastiki nyingi kuliko barabara yote. Mimi naanza kwa kuilaza kayaki ubavu juu ya gunia, naweka kigari mahali pake kikiwa nacho kimelala ubavu, nafunga mikanda yote, kisha naisimamisha pamoja na magurudumu yake. Wakati wa kutoka ziwani nakiingiza kigari kwenye maji ya magoti na kuiacha kayaki ielee juu yake. Tairi za upepo zitataka kuelea, kwa hiyo kanyaga ekseli kwa mguu mmoja wakati unaivuta kayaki.

Mkia uliokwisha kusagwa unaweza kuvishwa kipande cha plastiki ngumu kilichofungwa kwa skrubu fupi zisizotoboa hadi ndani. Fanya hivyo mapema. Ukisubiri mpaka plastiki ibonyee kwa kidole gumba, skrubu hazitakuwa na mahali pa kushika.

Tumbo limebonyea pale linapokaa kwenye kigari

Kayaki nyingi za uvuvi zimetengenezwa kwa polietilini, plastiki ya jamii moja na ile ya bidoni (dumu) la njano la maji. Inavumilia kugongwa kuliko mbao, ila ikipata joto inalegea na kufuata umbo la kitu kinachoikandamiza. Sisi tuko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,400, jua la mchana linachoma sana. Kayaki iliyokazwa kwa mikanda, ikaachwa juani juu ya bomba mbili nyembamba kutoka saa nne hadi saa tisa, itabonyea.

Tazama umbo la alama. Ikiwa ni mfereji mwembamba, bomba za kigari ndizo tatizo: zimebeba uzito kwenye mstari mmoja. Vifunge vipande vipana vya sponji ngumu au ndala kuukuu, ili uzito ukae kwenye eneo la viganja viwili kila upande. Sponji ya godoro haifai, inajikunja ikawa karatasi. Ikiwa alama iko juu, kwenye kingo ambako mkanda unapita, umekaza kupita kiasi. Mkanda unatosha pale ambapo kayaki haitelezi ukiitikisa.

Mbonyeo wenyewe mara nyingi unarudi. Ondoa uzito wote, geuza kayaki tumbo lielekee jua kwa saa mbili tatu, kisha ingiza mkono kupitia mlango wa mizigo na usukume kutokea ndani. Mbonyeo ukikataa, umwagie maji ya moto, siyo yanayochemka, na usukume tena. Usiukaribishe moto wa mkaa wala wa gesi: plastiki hii huyeyuka karibu nyuzi 130, na kutoka kulegea hadi kuyeyuka mwali haukupi muda.

Maji yanaingia tumboni na huoni tundu

Hapa nataka nikae, kwa sababu kosa lake linaweza kukuzamisha. Kayaki yenye maji tumboni inayumba; ukiinama kuvuta nyavu maji nayo yanakimbilia upande huohuo.

Anza na vitu vidogo. Kizibo cha kutolea maji kimekazwa? Mpira wake bado mzima? Mlango wa mizigo umefunga sawasawa? Bolti zinazoshika vishikio na reli za fimbo zimelegea? Mtikisiko wa barabara yetu unalegeza bolti nyingi kuliko mawimbi.

Vyote vikiwa sawa, fanya jaribio hili. Weka kayaki juu ya stuli mbili, mimina ndani lita kumi za maji, kausha nje kwa kitambaa hadi iwe kavu kabisa, kisha iinamishe taratibu ili maji yapite kila kona. Tazama hasa ndani ya vitundu vya kutolea maji. Ufa hautoi mchirizi mwanzoni. Unaona tone moja dogo likijitokeza kwenye shingo ya kitundu kama jasho. Unalifuta, linarudi palepale.

Kwa nini hapo? Kitundu ni bomba linaloungana na sakafu juu na tumbo chini, na kwenye maungio hayo plastiki mara nyingi ni nyembamba kuliko sehemu nyingine. Kigari cha nguzo kinachukua uzito wote wa kayaki na kuutundika kwenye bomba mbili kama hizo. Kwenye njia laini inavumilika, na wapo watengenezaji wanaoimarisha vitundu vyao wakaruhusu. Kwenye lava kila gurudumu likipanda jiwe, nguzo inakuwa kama mtaimbo unaotaka kung'oa bomba.

Msimamo wangu ni mmoja: mjini Goma usitumie kigari cha nguzo kwa kayaki nzito. Tumia kile ambacho tumbo linakaa juu yake kwa upana na kufungwa kwa mikanda. Kama cha nguzo ndicho pekee ulicho nacho, kata nguzo ziwe fupi, weka ubao wenye sponji juu ya fremu, ili tumbo libebwe na ubao na nguzo zizuie kuteleza tu.

Sasa ufa. Gundi ya haraka haishiki polietilini, na epoksi inabanduka baada ya siku chache. Dawa yake ni kuyeyusha plastiki juu ya plastiki, kazi ambayo mafundi wa kuziba bidoni na mabeseni wanaifanya kila siku. Ila mwambie fundi mambo haya kabla hajapasha kisu chake. Toboa kitundu cha milimita 3 kwenye kila ncha ya ufa, la sivyo ufa utaendelea kukimbia. Chimba ufa uwe mfereji mdogo, usafishe, ukauke. Plastiki ya kujazia iwe inayofanana na ya kayaki. Ya bidoni ni ngumu zaidi na mara nyingine haichanganyiki vizuri, kwa hiyo kwangua vipande kutoka kwenye kayaki yenyewe, mahali kama ukingo wa ndani wa mlango wa mizigo. Chuma kiwe na joto la kuyeyusha, kisiwe chekundu. Plastiki ikiwa nyeusi na kutoa moshi, imeungua na haitashika. Ukimaliza iache ipoe yenyewe, usiimwagie maji.

Kuna kayaki chache za polietilini ya aina isiyoyeyuka tena baada ya kutengenezwa. Gusa mkwanguo kwa chuma cha moto: ukivutika kama uzi, unaweza kuzibwa kwa joto. Ukikauka na kuungua bila kulegea, usipoteze pesa kwa fundi. Tumia utepe mnene wenye lami inayonata, bandika pande zote mbili, na uukague kila safari.

Kigari kinakwama kila jiwe, au kinaruka

Kipenyo cha gurudumu ndicho kinachoamua. Chukua gurudumu dogo la sentimita 25, lile linalokuja na vigari vingi, likiwa limebeba kilo 25. Likikutana na jiwe la sentimita 5, unahitaji kuvuta kwa nguvu ya kama kilo 33 ili lipande. Gurudumu la toroli la ujenzi, sentimita 40, kwa jiwe lilelile linahitaji kilo 22 hivi. Jiwe likifika sentimita 10, lile dogo linadai karibu mara tano ya uzito uliobebwa, maana yake limesimama na wewe ndiye utakayeinua.

Kwa hiyo nilinunua magurudumu mawili ya toroli na kumpa fundi wa kuchomelea. Ekseli ni chuma kizima, siyo bomba. Ya bomba ilinipinda kwenye safari ya tatu. Upana kati ya magurudumu ni sentimita 70, kwa sababu kayaki ya uvuvi imekaa juu na kigari chembamba kinapinduka gurudumu moja likiingia shimoni.

Upepo wa tairi usijaze hadi mwisho. Tairi ngumu kama jiwe inarusha kila mtikisiko hadi kwenye plastiki. Nusu hadi theluthi mbili ya kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi inatosha; ukikandamiza kwa kidole gumba ibonyee kidogo. Ukiilegeza zaidi ya hapo, mpira wa ndani unabanwa kati ya ukingo wa chuma na jiwe na kupasuka mara mbili, kama umeumwa na nyoka. Beba pampu na viraka.

Na ukipata pancha karibu na ziwa, hasa kuelekea Buhimba na Ziwa Kijani, usipeleke kigari bondeni kutafuta kivuli cha kufanyia kazi. Kwenye mabonde madogo ya upande huo kuna mazuku, gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutulia chini kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Haionekani, na alfajiri kabla upepo haujaamka ndipo inapokuwa nyingi. Mtu aliyeinama kubadilisha mpira wa tairi ana pua yake palepale gesi ilipo. Ukiona ndege au panya waliokufa kwenye shimo, ondoka. Ziba pancha juu ya tuta, hata kama ni juani.

Kinavuta upande mmoja

Linganisha upepo wa tairi mbili, kisha angalia kama kayaki iko katikati, kisha ekseli. Mara nyingi ni ya kwanza.

Kayaki inateleza mbele, kigari kinabaki

Mjini tunafunga kila kitu kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi, na ni vizuri: vinashika na kumeza mtikisiko. Kwa kayaki peke yake havitoshi, kwa sababu vinavutika. Gurudumu likikwama kwenye jiwe, kayaki inasonga mbele na kigari kinabaki. Weka mikanda miwili ya poliesta inayozunguka kayaki na fremu, halafu mmoja wa tatu kutoka kwenye fremu hadi kishikio cha pua, unaozuia kigari kurudi nyuma. Huo wa tatu ndio wengi wanaousahau. Mikanda ya nailoni hurefuka ikilowa, kwa hiyo ile uliyoikaza nyumbani ikiwa mikavu imelegea ukitoka majini. Simama baada ya hatua mia moja za kwanza, kaza tena.

Magurudumu yanalia na kucheza

Vumbi la volkano likiingia kwenye bushi pamoja na maji linakuwa msasa. Vua gurudumu kila baada ya safari nne au tano, futa kila kitu, paka grisi mpya. Pini ya kuzuia gurudumu ifunge kwa waya. Yangu moja ilidondoka karibu na soko la Kituku, na kabla sijaita mtu gurudumu lilikuwa limefika chini kati ya wauza sambaza, visamaki vidogo vya ziwani.

Kwenye mteremko inakukimbiza

Usitangulie mbele ukiwa umeishika pua. Igeuze: mkia utangulie, wewe ubaki juu ukiishikilia kwa kamba iliyopita kwenye kishikio cha pua, hatua fupi, miguu imepanuka. Ndugu zetu wa Bukavu, ambako kutoka Kadutu hadi ziwani ni kushuka tu, wawe wawili kila mara, na njia ikilowa wasubiri ikauke. Chukudu ina kipande cha mpira unachokanyaga juu ya gurudumu la nyuma kuwa breki. Fundi aliyenichomelea ekseli aliniwekea kama hicho upande mmoja, kimefungwa kwa kamba hadi mkononi. Nikivuta, mpira unashika tairi. Kabla ya kukitegemea nilikijaribu kwenye mteremko mfupi nyuma ya nyumba, kayaki ikiwa tupu, kisha na nanga ndani, kisha na bidoni mbili za maji.